Uliza Ujibiwe: Mbona O Wamejaa Huku na B Wamejaa Kule?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu makundi ya damu. Wengine wameuliza kwa udadisi, wengine wana mgonjwa wodini au mimba tumboni. Tumechagua sita, na tumeanza na ile inayofungua njia kwa nyingine.

Nafanya biashara ya vitambaa kati ya Mombasa na Mumbai. Nyumbani karibu kila ninayemuuliza ni O. Kule, kati ya wenyeji wangu wanne, watatu ni B. Ni bahati tu au kuna jambo? — Msomaji, Mombasa

Watu wanne ni wachache mno kukupa picha ya nchi, lakini ulichokiona kipo. Kenya na Tanzania karibu nusu ya watu ni O, robo hivi ni A, mmoja kati ya watano au zaidi kidogo ni B, na AB ni wanne au watano katika kila mia. India, hasa sehemu za kaskazini, B hufika theluthi moja na huenda bega kwa bega na O. Ukitoka huko kuelekea magharibi B inapungua hatua kwa hatua, hadi Uingereza ambako ni kama mmoja kati ya kumi. Wenyeji wa asili wa Amerika ya Kati na Kusini karibu wote ni O, ilhali Blackfoot wa kaskazini mwa Amerika wengi wao ni A.

Sababu zimeingiliana. Moja ni uchache wa waanzilishi. Watu waliovuka kutoka Siberia kuingia Amerika walikuwa wachache, na katika kundi dogo aleli fulani (umbo moja la jeni) inaweza kupotea kwa sababu tu waliokuwa nayo hawakuacha watoto wa kutosha. Hapo hatuhitaji kutafuta ugonjwa wala hali ya hewa kueleza kilichotokea. Nyingine ni kuhama na kuoana: B ya Asia ilienea magharibi pamoja na watu.

Sababu iliyo na uzito zaidi kwetu ni maradhi. Mtu akipata malaria ya falsiparamu, chembe nyekundu zilizoambukizwa hujishikiza kwenye chembe nzima zilizo jirani, zikafanya mafundo yanayoziba mishipa myembamba, ikiwemo ya ubongo. Mafundo hayo hushikana kwa nguvu kwa wenye A, B na AB, na kwa ulegevu kwa wenye O. Kwa hiyo O hupunguza uwezekano wa malaria kuwa kali. Haizuii kuugua, mwenye O analala ndani ya neti kama mwingine. Kipindupindu kinafanya kinyume: mwenye O akikipata hupata kile kikali zaidi, na Bengal, ambako kipindupindu kimekaa muda mrefu, O ni wachache kuliko sehemu nyingi za dunia.

Usifikiri lakini kwamba kila jamii ilizua kundi lake. A tunaikuta hata kwa sokwe, na B kwa gorila. Aleli ya O iliyoenea zaidi ni jeni ileile ya A iliyopungukiwa herufi moja tu, na upungufu huohuo unaonekana Kitui na Peru. Kinachobadilika kutoka nchi hadi nchi ni idadi ya walio nayo.

Nafundisha Baiolojia kidato cha nne. Ninataka wanafunzi 200 wapimwe makundi ya damu, kisha tukokotoe aleli na tulinganishe makabila yaliyomo shuleni. Nifuate hatua zipi, na niogope nini? — Mwalimu, Dodoma

Mwalimu, kukokotoa ni kazi nzuri sana. Kulinganisha makabila tunakuomba uache, na sababu tutaitoa.

Kwanza kupima. Aliyesomea maabara ndiye achome vidole, kila mwanafunzi na sindano yake, na mzazi awe ameridhia kwa maandishi. Kwenye kigae cheupe weka tone la dawa ya kupimia ya anti-A (ya buluu), la anti-B (ya njano) na la anti-D (isiyo na rangi). Ongeza damu kidogo kuliko tone la dawa, changanya kila duara kwa kijiti chake, kisha yumbisha kigae polepole kwa dakika 2. Soma hapohapo. Ukichelewa, damu inakauka ukingoni na kufanya vipunje vinavyofanana na kugandana, na O wako anageuka A. Chupa za dawa zinakaa nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika wikiendi nzima na friji ikapata joto, dawa hufifia, B dhaifu haigandi, nawe unamwandika O. Kwa hiyo kila asubuhi anza na damu ya A na ya B unayoijua kwa hakika. Zisipoganda vizuri, siku hiyo usipime.

Sasa hesabu. Tuseme umepata O 96, A 52, B 44 na AB 8. Kwa sehemu za moja ni 0.48, 0.26, 0.22 na 0.04. Njia ni ile aliyoionyesha mwanahisabati Felix Bernstein miaka ya 1920. Aleli ya O ni kipeuo cha pili cha O: √0.48 = 0.693. Aleli ya A ni 1 kutoa kipeuo cha pili cha O na B kwa pamoja: 1 − √0.70 = 0.163. Aleli ya B ni 1 kutoa kipeuo cha pili cha O na A kwa pamoja: 1 − √0.74 = 0.140. Jumla ni 0.996, karibu sana na 1, na hiyo ni dalili njema. Kisha jihakiki kwa AB: 2 × 0.163 × 0.140 ni 0.046, yaani watu 9 kati ya 200. Wewe umepata 8. Hesabu imekubali.

Ungepata AB 1 au AB 25, usikimbilie kuandika kwamba shule yako ni ya ajabu. Chunguza dawa, chunguza usomaji, uliza kama kuna ndugu wa baba na mama mmoja waliohesabiwa wote, maana ndugu hurudia aleli zilezile. Orodha ya wachangiaji damu nayo huharibu hesabu, kwa kuwa vituo huwaita wenye O mara nyingi zaidi. Na usiwahesabu wanaosema "mimi ni B" bila kupimwa.

Kuhusu makabila: kwa watu 200, kosa la bahati peke yake kwenye O yako ni asilimia 7 juu au chini, yaani jibu la kweli linaweza kuwa popote kati ya 41 na 55. Ukiwagawa wanafunzi hao katika makundi manane ya watu 25, kosa linafika asilimia 20 kila upande. Utachora chati nzuri ya kelele tupu.

Kuna jambo zito zaidi. Vipimo vikubwa vya kwanza vya aina hii vilifanywa na madaktari Ludwik na Hanna Hirszfeld kwa askari na wakimbizi wa mataifa 16 waliokusanyika Salonika, Ugiriki, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu wapatao 8,000, na matokeo yakachapishwa 1919. Walionyesha A ikipungua na B ikipanda kutoka Ulaya kwenda Asia. Wengine wakazichukua namba hizo wakazigeuza kipimo cha ubora wa watu, na Ludwik mwenyewe, kwa kuwa alizaliwa Myahudi, alifungiwa na Wanazi katika ghetto la Warszawa, Poland, hadi alipotoroka 1943. Mwaka 1972 mwanajenetiki Richard Lewontin alichukua makundi ya damu na protini nyingine akapiga hesabu: asilimia 85 hivi ya tofauti zote za kijenetiki zimo ndani ya jamii ileile moja. Wanafunzi wako wawili wa kijiji kimoja wanaweza kutofautiana kundi, na mmoja wao akalingana na mtu wa Osaka. Wafundishe hilo kwa namba zao wenyewe.

Majibu ya mtoto mmoja mmoja yasibandikwe ukutani wala kupelekwa nyumbani kwenye ripoti. Barua ya mwisho katika ukurasa huu itakuonyesha kwa nini.

Nina mimba ya kwanza, wiki ya 16. Kliniki wameniambia ni A hasi, na kwamba damu yangu ni adimu. Mume ni O chanya. Nimeshikwa na hofu. — Mama mtarajiwa, Mwanza

Pole na hofu, dada, lakini umeambiwa mapema, na mapema ndiyo nusu ya kazi.

Uadimu ni wa kweli. Afrika Mashariki wenye Rh hasi, yaani wasio na alama iitwayo D kwenye chembe zao nyekundu, ni kati ya watatu na sita kwa kila mia. Ulaya ya kaskazini-magharibi ni 15, Wabasque wa Uhispania na Ufaransa ni karibu theluthi, na China hawafiki hata mmoja. Hata sababu ndani ya jeni inatofautiana: Mzungu aliye hasi kwa kawaida hana kabisa jeni ya D, wakati Waafrika wengi walio hasi wanayo jeni lakini imeharibika na haifanyi kazi.

Mtoto wako akirithi D ya baba, chembe zake chache zinaweza kuingia kwako, hasa wakati wa kujifungua, mwili wako ukatengeneza kingamwili. Mimba hii mara nyingi huponea. Inayofuata ndiyo hushambuliwa, mtoto akapungukiwa damu au akapata manjano kali. Kinga ipo na inafanya kazi vizuri ikitolewa kwa wakati.

Omba kipimo cha kingamwili sasa (Coombs isiyo ya moja kwa moja) na kirudiwe wiki ya 28. Kama hakuna kingamwili, wiki hiyohiyo ya 28 unachomwa Anti-D, ndiyo kinga yenyewe, mikrogramu 300 kwenye msuli. Ukijifungua, damu ya kitovu ipimwe kundi. Mtoto akiwa chanya unachomwa tena ndani ya saa 72. Saa hizo zikipita, bado ichomwe hadi siku ya 10, faida haitakuwa kamili lakini ipo. Sindano inahitajika pia ukitokwa damu ukeni, ukipigwa au kuangukia tumbo, mimba ikitunga nje ya kizazi au ikiharibika. Wanawake wengi huikosa hapa, kwa kuwa wakati wa mimba kuharibika hakuna anayekumbuka kuuliza kundi. Sema mwenyewe: "Mimi ni Rh hasi."

Anti-D ni ghali na haipo kila duka. Itafute kuanzia wiki ya 24, uliza bei, uliza kama inakaa kwenye friji, na ukiichukua iende kwenye kibebeo chenye barafu moja kwa moja hadi inapochomwa.

Kuhusu damu, wapime kwanza ndugu zako wa baba na mama. Mtaani uwezekano wa kumpata aliye hasi ni kama 4 kwa 100. Kwa ndugu yako ni angalau 25 kwa 100, kwa kuwa wazazi wenu wote wawili wanabeba aleli hiyo. Aliyepatikana achangie kituo cha damu salama mapema, na kituo kiamue itumikeje. Damu ya ndugu wa karibu haiingizwi moja kwa moja bila kupigwa mionzi, kwani chembe zake nyeupe zinaweza kuushambulia mwili wa mgonjwa. Mume wako asikuchangie wewe kamwe ungali unataka kuzaa, hata kama makundi yangelingana: damu yake inaweza kukufundisha kingamwili dhidi ya watoto wake.

Tumelazwa na mzee wa familia yetu, asili yetu Gujarat. Maabara inasema ni O, lakini chupa saba za O zimekataa kwenye krosimachi, kile kipimo cha kulinganisha damu ya mchangiaji na ya mgonjwa. Tumeambiwa "tafuteni O nyingine." Tutafute hadi lini? — Msomaji, Dar es Salaam

Simamisheni kutafuta O kwanza. O zote zikikataa kwa nguvu, maabara ifikirie aina ya Bombay, iliyotambuliwa mjini Mumbai mwaka 1952. A na B hujengwa juu ya msingi unaoitwa H, na mwenye O ana H nyingi. Mwenye Bombay hana hata H, kwa hiyo akipimwa kwa anti-A na anti-B anaonekana O, lakini plazma yake ina kingamwili ya kushambulia H, yaani kila O iliyopo benki. India inakadiriwa kumpata mtu mmoja hivi kati ya 10,000. Ulaya ni mmoja kati ya milioni. Familia zenye asili ya huko pwani yetu zinaweza kuwa nayo bila kujua, kwa kuwa hurithiwa kwa kujificha.

Mwombeni fundi wa maabara apime plazma ya mzee dhidi ya chembe za O, kisha chembe zake kwa anti-H. Chembe za O zikiganda na anti-H isipogandisha chochote, jibu limepatikana. Plazma ikigandisha hadi chembe za mzee mwenyewe, tatizo ni jingine, huenda kingamwili za baridi, na vipimo virudiwe kwa nyuzi 37. Ikiwa ni Bombay, atapokea Bombay tu. Wapimeni kaka na dada zake leo, na daktari aulize benki ya taifa. Kama upasuaji unaweza kusubiri na hali yake inaruhusu, achangie damu yake mwenyewe mapema ihifadhiwe.

Na ikiwa si Bombay, kuna uwezekano wa kingamwili nyingine zilizotokana na damu aliyowahi kuongezewa. Waambieni maabara kila mara aliyopewa damu, hata miaka 20 iliyopita.

Mwanangu ana selimundu, tunaishi Birmingham. Kila akibadilishiwa damu, wauguzi wanasema wanatafuta "Ro". Yeye ni B chanya, sasa hiyo Ro ni nini? — Mama, Uingereza

Nyuma ya neno "chanya", linalohusu D tu, kuna antijeni (alama za juu ya chembe) nyingine za Rh: C kubwa na c ndogo, E kubwa na e ndogo. Ro ni mtu mwenye D, c na e, asiye na C kubwa wala E kubwa. Afrika kusini mwa Sahara ni mpangilio wa zaidi ya nusu ya watu. Kwa wachangiaji damu wa Uingereza ni kama wawili kati ya mia.

Mtoto wa selimundu hupokea chupa nyingi maishani. Akipewa damu ya B chanya ya kawaida ya Mwingereza, mara nyingi ina C kubwa, mwili wake unaijua kama kitu kigeni na kutengeneza kingamwili, na kila kingamwili mpya inapunguza damu anayoweza kupokea kesho. Ro ikikosekana hupewa Rh hasi, ambayo kwa kawaida nayo haina C wala E. Ni salama kwake, ila inamaliza akiba ya wale wasio na njia nyingine.

Mnaoishi huko, nendeni mkachangie. Jamaa zako kumi kutoka Tanga au Goma wakipimwa, kuna uwezekano mkubwa watano au zaidi ni Ro. Wenye chembe za selimundu za kurithi upande mmoja waseme wanapojiandikisha, kwa kuwa damu yao haifai kwa mgonjwa huyu, ingawa inafaa kwa wengine.

Mimi ni O, mume wangu ni O. Mtoto wetu amepimwa shuleni, wamesema B. Upande wa mume maneno yameanza. Nimekosa usingizi. — Msomaji, Iringa

Pole sana, dada yetu. Kigae cha shuleni hakitoshi kumhukumu mtu.

Ni kweli kwamba wazazi wawili wa O wa kawaida huzaa O. Lakini kwanza ulizeni hizo O mbili zilitoka wapi. Nyingi ziliandikwa kwenye kadi miaka iliyopita, kwa dawa ambayo hakuna anayejua ilihifadhiwaje, na B dhaifu hupita kama O. Majina hubadilishana kwenye mirija. Mtoto aliyeongezewa damu miezi ya karibuni huonyesha chembe za mchangiaji. Na mzazi mwenye Bombay, kama tulivyoeleza, huandikwa O huku akiwa na jeni ya B aliyompa mwanawe.

Nendeni watatu, siku moja, maabara ya hospitali ya mkoa. Damu itoke mshipani, mrija uandikwe jina mbele yenu kabla hamjainuka kitini. Ombeni upimaji wa pande mbili: chembe kwa anti-A na anti-B, na plazma kwa chembe za A, B na O. Pande hizo mbili zisipokubaliana, hakuna jibu linalotolewa hadi sababu ijulikane.

Zikikubaliana na utata ukabaki, kundi la damu limefika mwisho wa uwezo wake. Kinachofuata ni kipimo cha vinasaba katika Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambako maombi hupitia kwa afisa ustawi wa jamii, wakili au mahakama. Anza kwa afisa ustawi wa wilaya yako, nenda na majibu ya maabara yaliyopigwa muhuri, na mume wako aende nawe.